Niliyempa Ndia

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu haya niliyaona mchana, jua linawaka, na mimi si mtu wa kuogopa vivuli. Mimi ni mwalimu, Mkikuyu wa Kirinyaga, nafundisha huku Kililana, Lamu. Likizo ile mimi na binti yangu Wanja, mtoto wa miaka mitatu, tulikodi nyumba Shela yenye bustani na bwawa la kuogelea la peke yetu. Niamini, nilijiona malkia.

Siku ya pili nilikuwa bustanini namsuka Wanja nywele. Akaja bibi mmoja mlangoni, buibui kuukuu, viatu mkononi.

"Hodi. Mwanangu, naomba ndia."

Nikacheka kwa furaha. Kwetu, ndia ni dimbwi refu la mtoni. Nani amemfundisha bibi wa Lamu Kikikuyu? Na kwa joto lile, nani angemnyima mzee maji ya kuoga?

"Ndia ndiyo ile, Bi," nikamwonyesha bwawa. "Ni yako, saa yoyote."

Machozi yakamlengalenga. "Mngu akuweke na mwanao."

Nikaingia ndani kumlaza Wanja na kumletea bibi taulo. Niliporudi hakuwapo. Nyayo zake zilishuka kwenye ngazi za bwawa, zikatokea upande wa pili, bado mbichi, zikaishia ukutani. Ukuta wenyewe mrefu, hauna mlango. Wewe ungefanyaje? Mimi nilijiambia ni jua tu, nikaenda jikoni kukata vitunguu.

Kumbe Wanja hakulala. Nilisikia kimya, na nyinyi wazazi mnakijua kimya hicho. Nikatoka mbio. Mwanangu alikuwa katikati ya bwawa, mahali ambapo maji hunifika mimi shingoni, na yeye yalimfika kiunoni. Akaja taratibu hadi kwenye ngazi, mkono mmoja juu, kama mtoto anayevushwa barabara. Nilimnyakua, nikalia mpaka sauti ikakauka.

"Cucu amenibeba," akaniambia. Nyanya, yaani.

Bi Zuhura, mtunza nyumba, aliposikia aliketi chini. "Ndia si maji, mwalimu. Ndia ni hiyo njia yenu. Hapa palikuwa na ndia ya kwenda kisimani. Wakaifunga kwa ukuta, wakatimba bwawa juu yake. Bibi yule humwomba kila mpangaji, nao humfukuza. Wewe ndiwe wa kwanza kumpa."

Nilikosea neno, na kosa hilo ndilo lililonibakishia mtoto.

Mwenye nyumba aliniona kichaa, lakini nilimsumbua mpaka akatoboa ukuta, akaweka kijilango kisichokomewa. Sisi hurudi pale kila likizo. Nawe ukikodi nyumba huku, usimwache mtoto karibu na maji hata kidogo, na mtu akikuomba njia usimwulize aendako. Mpishe.

Siku hizi Wanja anajua kuogelea. Lakini kabla ya kuingia majini husimama ngazini, akasema, "Naomba ndia." Kisha husubiri kidogo. Nami husubiri naye.