Jua Lililovaa Sweta

Ungempa mwanao maji ambayo mwenye kisima mwenyewe ameacha kuyanywa?

Birindwa alikutana na swali hilo huko North Dakota, chupa tupu mkononi. Alikuwa dereva wa lori la mchanga. Mchanga ule huchanganywa na maji na kemikali, ukasukumwa ardhini kwa nguvu mpaka miamba ipasuke na kuachia mafuta. Siku hiyo alisimama kwenye shamba moja kuomba maji. Mama mwenye shamba alikataa kumfungulia bomba, akamletea maji ya dukani. Tangu visima vya mafuta vije, alisema, maji yake yananuka, na kila anayemuuliza humpa namba ya simu ya mtu mwingine.

Birindwa ni mzaliwa wa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, anajua machimbo yanavyoufanya mto. Lakini lori lilikuwa linalisha nyumba yake Brooklyn Center, mji wa jimbo la jirani, basi akaendelea kuliendesha, hadi siku kitindamimba wake alipomuuliza, kwa Kiingereza, kama atalala hapa au ataondoka kama kawaida.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2016 aliacha lori, akajifunza kufunga sola. Kampuni moja ndogo ya mjini ikampa kazi ya majaribio: akipata kanisa moja tu la watu wake likubali sola, ataajiriwa. Asipopata, lori la mchanga lilikuwa bado linamsubiri.

Kanisa lake lilikubali kujaribu. Jumamosi ya Juni aliweka paneli sita juu ya paa dogo la jiko la kanisa, na ukutani, karibu na mlango, akafunga mita ya kuonyesha umeme unaoingia. Wazee wangeitazama Jumapili baada ya ibada, kisha waamue.

Sasa, katika kanisa lile hakuna kitu kipya kinachotumika kabla ya kuombewa. Gari, kitanda cha mtoto, hata sare za kwaya hupakwa mafuta ya zeituni. Paneli zilipokuwa bado chini, Birindwa akiwa amekwenda kuchukua kamba, Mama Perpétue, kiongozi wa akina mama wa maombi, alizipaka. Na Mama Perpétue habahatishi baraka: alipaka kioo chote. Birindwa aliporudi aliona zinang'aa, akadhani zimefutwa.

Juni ndio mwezi ambao miti mikubwa ya mtaa ule humwaga manyoya meupe ya mbegu zake, mpaka ungedhani theluji imepotea njia. Jumapili mita ilikuwa inasoma umeme usiotosha hata kuchemsha chai. Birindwa akapanda ngazi, akakuta paneli zote sita zimefunikwa manyoya. Akayagusa. Yalikuwa yamenata.

Mzee Twagirayezu, shemasi mkuu na mume wa Mama Perpétue, alikuwa amesimama chini, mikono nyuma.

"Birindwa, mwanangu, jua lako limevaa sweta?"

Watu wakacheka. Birindwa alitazama vidole vyake vyenye mafuta, kisha akamtazama Mama Perpétue, aliyekuwa akigawa mandazi. Neno moja lingemwokoa. Akajifuta mikono kwenye suruali, akashuka ngazi.

Kwenye kikao Mzee alisema mafuta ya North Dakota ndiyo yanayolisha nusu ya waumini, na Birindwa arudi kwenye lori kabla nafasi haijachukuliwa. Birindwa akawasimulia habari ya yule mama wa shamba. Hakudai kujua kilichoharibu maji yake. Alisema tu kwamba hakuna aliyejali kumjibu.

"Na hivyo vioo vyako," Mzee akamkatiza, "madini yake hayachimbwi?"

"Yanachimbwa, papa. Mimi mtoto wa Kamituga, siwezi kukuficha shimo. Lakini paneli ukishaifunga, imefungwa. Kisima kinataka mchanga wangu kila siku, na kikikauka wanapasua kingine."

Uamuzi uliahirishwa, na Birindwa alijua maana ya kuahirisha kwa wazee. Nyumbani alimweleza mkewe, Héritière, kwamba huenda akaanza kufunga begi. Héritière alilichukua lile begi akalikalia.

Kesho yake asubuhi Birindwa alikwenda kanisani na ndoo, angalau azisafishe kabla ya kuzishusha. Alikuta ngazi imeshasimamishwa. Juu ya paa Mzee Twagirayezu, suruali imekunjwa magotini, alikuwa anasugua kioo kwa sponji na sabuni ya vyombo. Mama Perpétue alikuwa ameshikilia ngazi, pembeni yake gari lake, ambalo nalo lilikuwa limepakwa mafuta Jumamosi: katikati ya boneti, pale alipochora msalaba wa mafuta, manyoya meupe yalikuwa yamenata.

"Ulijua ni mafuta yangu," alimwambia Birindwa. "Ukaacha wakucheke."

"Mama, ulikuwa unaniombea."

Mama Perpétue akainua uso kuelekea kwa mumewe. "Baba, sugua pembeni. Hapo umeacha."

Mzee alisugua. Kupitia mlango uliokuwa wazi, namba kwenye mita ukutani zilionekana zikianza kupanda, zikapita chai, zikapita jiko, zikaendelea. Mzee akanyoosha mgongo, akaligeukia lile paa kubwa la kanisa, akalitazama kutoka upande huu hadi ule.

"Birindwa," aliita, "huku zinaingia ngapi?"