Mwalimu Muthamia na Bendi ya Kiangazi

Mwaka wa 1979 Mwalimu Salesio Muthamia alipata barua ya uhamisho. Alitakiwa kuondoka Kanyakine, kwenye migomba na ukungu wa asubuhi, ateremke hadi Ishiara, kwenye jua na mbuzi. Alifunga masanduku mawili. La kwanza lilikuwa la nguo. La pili, ambalo utingo wa basi alikatazwa kulirusha, lilikuwa la madaftari kumi na moja ya nyimbo za kwaya alizozinakili kwa mkono wake, zote kwa solfa, ile ya do-re-mi, sauti ya kwanza hadi ya nne. Kanyakine walikuwa wakisema kwamba sikio la Muthamia husikia hata mbu akikosea sauti.

Mkewe, Karwirwa, alibaki nyumbani na kahawa. Mwalimu akapanga chumba nyuma ya soko la Ishiara.

Jumamosi ya kwanza, alikuwa ndio kwanza anamimina chai, mayowe yakazuka upande wa mashine ya kusaga. Alinyakua fimbo, akatoka mbio, akijua ama ni mwizi ama ni nyoka. Alipozunguka ukuta aliwakuta wanaume watatu chini ya kibanda cha mabati, mmoja na gitaa, mmoja na ngoma, mmoja na kayamba. Mbele yao alisimama mama mrefu, kiganja kimeziba sikio moja. Sauti yake ilianza chini kifuani kama fahali anayenguruma, ikapanda, katikati ikavunjika pwaa, ikaruka hadi puani, kisha ikamalizika kwa mtetemo wa midomo: brrrr!

"Nani ameumia?" Muthamia aliuliza, akihema.

Mpiga gitaa, kijana mnene aliyeitwa Ndambiri, hakuacha hata kupiga. "Hakuna aliyeumia, Mwalimu. Huyu ni Wawira. Anaimba."

Hiyo ndiyo iliyokuwa Bendi ya Kiangazi, na Ishiara nzima iliipenda. Muthamia alirudi chumbani, akafunga dirisha, akavumilia joto.

Desemba ilipofika chifu akatangaza mashindano ya bendi na ngoma, siku ya Jamhuri. Kwa kuwa mwalimu mgeni alijulikana kwa muziki, akaombwa kuwa mwamuzi. Alikaa mezani na kalamu nyekundu, akasikiliza kwa haki kabisa, kama alivyoona yeye. Bendi ya Kiangazi aliipa alama tatu kwa ishirini upande wa sauti, na chini yake akaandika maelezo. Chifu aliyasoma kwenye kipaza sauti neno kwa neno: "Mwimbaji hajui kuimba. Anaita."

Bendi ilishika mkia kati ya vikundi vitano. Tangu siku hiyo mama wa ndengu pale sokoni alimpimia Mwalimu kopo lililosawazishwa kwa kijiti, bila nyongeza hata punje moja.

Shule zilipofunguliwa Januari, Wawira alikuja akamkuta Mwalimu peke yake darasani, akipanga madawati ya kwaya. Alikuwa amevaa gauni la kanisani.

"Mwalimu, umesema sijui kuimba. Nimekuja unifundishe."

Muthamia alijisikia vibaya, lakini kazi ya mwalimu ni kufundisha. Alitoa kifilimbi chake, akapuliza sauti ya kuanzia. "Haya, mama. Do."

Wawira aliimba do. Aliimba ngazi nzima, kupanda na kushuka, bila kuteleza. Kisha, bila kuambiwa, akashika wimbo wa Krismasi kwa Kilatini, sauti ya kwanza, nyororo na safi, hadi wanafunzi waliokuwa wakifagia nje wakasimamisha mifagio. Muthamia aliketi kwenye dawati la darasa la nne, magoti yakamgusa kidevu.

"Umetoa wapi hiyo?"

"Kwa masista, nikiwa msichana. Miaka minne nilikuwa mbele kwenye kwaya."

"Sasa mama, mbona... mbona unaimba vile?"

Wawira akacheka. "Hii sauti ni nzuri, Mwalimu, lakini ni ya kila mtu. Niliolewa kule karibu na Mto Thuci. Huko mbuzi wa boma zote wanalishwa kilima kimoja. Jioni kila mama anaita wake, na kila mama ana mwito wake, la sivyo mbuzi wanachanganyika na majirani wanagombana. Mimi mwito wangu niliutafuta mwaka mzima. Nilipoupata, nikaona ni upumbavu kuupa mbuzi peke yao."

Akachukua kikapu chake. Mlangoni akageuka. "Uliandika kwamba ninaita. Hapo ulisikia sawasawa. Sasa alama tatu zilikuwa za nini?"

Jumamosi iliyofuata Muthamia alijikokota hadi kwenye kibanda cha mabati, akaomba ruhusa, akaketi juu ya gunia la mtama na daftari jipya. Alikuwa ameamua kuuandika ule wimbo kwa solfa, maana aliamini kwamba kitu kikishaandikwa kinaeleweka. Alifika mstari wa pili akakwama.

"Simamisha kidogo. Hapo sauti ilipovunjika, ni fa au ni mi?"

Wanabendi walitazamana.

"Hapo ni njiani, Mwalimu," alisema Ndambiri.

Aliandika, akafuta, akaandika, hadi karatasi ikatoboka. Jumamosi tatu alipigana na daftari hilo. Ya nne alilisahau nyumbani, na kwa kuwa mikono haikuwa na kazi, akasikiliza. Ndipo alipogundua kwamba ule mvunjiko haukuwa ajali. Ulikuja mahali pale pale kila mara, na kayamba ilinyamaza kidogo kuungoja, kama watu wanavyompisha mgeni mlangoni. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mwanamke anayemwita dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mto. Hakuwa na habari yoyote ya kumpa, alitaka tu aitikie. Sauti ilipovunjika na kuruka, Muthamia alihisi nywele za mikono zikisimama. Alitamani irudi. Iliporudi, alijikuta ameinuka kutoka kwenye gunia.

"Mara nyingine tena," alisema. "Tafadhali. Kutoka pale penye mto."

Baada ya hapo hakushikika. Aliomba afundishwe. Wawira akampeleka kilimani na mbuzi wake. Muthamia aliziba sikio kwa kiganja, akavuta pumzi ya kwaya, akaita. Mbuzi waliinua vichwa, wakamtazama kwa heshima, wakaendelea kutafuna. Mmoja tu ndiye aliyemjia, akilamba midomo.

"Mwalimu, nimempata mmoja!"

"Huyo ni wa jirani," Wawira alisema. "Huyo huja kwa yeyote."

Alirudi kilimani mara nyingi, na hakuwahi kumwita mbuzi akaja kwa sababu ya sauti. Lakini mama wa ndengu alimwona siku moja akishuka amejaa vumbi na miiba, akijaribu brrrr njiani peke yake. Siku hiyo kopo lilijazwa hadi likawa na kichuguu.

Jamhuri iliyofuata chifu alimwita tena mezani. Mwalimu akakataa kalamu nyekundu, akaomba kipaza sauti. "Mwaka jana niliandika jambo hapa," aliwaambia watu. "Nusu yake ilikuwa kweli, mama huyu anaita. Nusu ya pili ilikuwa ujinga wangu. Leo nimeketi huku kwenu." Watu walishangilia kuliko walivyoshangilia hotuba yoyote. Bendi ya Kiangazi ilishika nambari ya pili. Wa kwanza walikuwa wacheza ngoma wazee kutoka bondeni, na Muthamia, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi, alibishana na waamuzi hadi sauti ikamkauka.

Likizo ya Aprili, Karwirwa alikuja kumtembelea mumewe, na mkungu wa ndizi begani. Hakuwa ameketi hata kidogo kabla ya Muthamia kuiweka redioni kaseti aliyorekodi kibandani. Karwirwa alisikiliza, uso umekunjamana.

"Baba Kathure, huyu mtu anatibiwa?"

"Ngoja kwanza. Usiusikilize kama wa kanisani. Sikiliza kayamba. Umesikia inavyonyamaza?"

"Nimesikia."

"Sasa ngoja..."

Sauti ikapanda, ikavunjika, ikaruka. Karwirwa akavua viatu, akavuta kiti karibu na redio.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema.