Hukumu ya Shati la Njano

Enzi zetu mambo yalikuwa mambo. Usicheke. Nina miaka kumi na saba, Jumatatu nina mtihani wa hesabu, na bado nasema enzi zetu, kwa sababu watoto wa siku hizi hapa Gumbo, pembeni mwa Juba, wamenizeesha kabla sijaota ndevu. Wewe wa rika langu, uliyerudi kutoka Uganda umekalia godoro juu ya lori, wewe utanielewa. Hawa wadogo waache na simu zao.

Sisi tulicheza. Mpira tuliufunga wenyewe kwa soksi na mifuko ya plastiki, na ukiupiga ukiwa umelowa mvua, mguu unajua umepiga kitu. Magari tulitengeneza kwa makopo ya mafuta ya kupikia, tukayasukuma kwenye vumbi jekundu kando ya barabara ya Nimule huku tukiiga honi za malori mpaka madereva wa kweli wakatutukana. Karanga tulinunua zimefungwa kwa kurasa za madaftari ya watu: unakula huku unasoma insha ya mtoto usiyemjua, na unamsahihisha. Jioni asida, ugali wetu, na kombo, ule mchuzi mzito wa karanga, mikono mitano kwenye sinia moja, na mama akinitazama: "Modi, mdomo wako ungekuwa na breki, ungekuwa mtoto mzuri."

Haukuwa na breki. Hapo ndipo Poni anapoingia.

Poni alikuja darasa letu la tatu akitokea Koboko, upande wa Uganda, akaishi na habuba yake, mama wa mama yake, nyuma ya gereji ya pikipiki. Mwembamba, mkimya, akiruka kamba utadhani hana mifupa. Asubuhi moja tuko mstarini tunaimba, akaanguka. Mwili ukatetemeka, macho yakageuka. Mwalimu alimlaza ubavu, akangoja, ikapita. Kilikuwa kifafa, na walimu walishaelezwa. Mimi sikuelezwa. Mimi nilisema kwa sauti: "Huyo ana jini!" Watu wakacheka. Nikaongeza: "Jini la Koboko, limevuka mpaka bila kibali!" Wakacheka zaidi, na mimi watu wakicheka siachi.

Kufikia Ijumaa hakuna aliyekaa naye. Yeye peke yake kwenye benchi la watu watatu, sisi wengine tumebanana watano watano, wa pembeni anaandika akiwa nusu amesimama. Wasichana wakiruka kamba, akisogea tu, kamba inalala chini. Nikamsikia habuba yake akimwambia mama yangu pale kwenye ua: "Muhula ukiisha na bado anakaa peke yake hivi, nampeleka kijijini tukalime. Shule kalas, imekwisha." Mama akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Sasa twende kibandani. Kila Jumamosi mchana, baada ya kufua nguo za shule, tulikwenda kwenye kibanda cha video cha Anko Lado. Mabati pande zote, pazia jeusi mlangoni, joto la kuivisha mayai, jenereta inakohoa nje. Anko Lado alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akitufasiria kila filamu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba. Nikisema kufasiri namheshimu tu. Alikuwa anapika upya.

Jumamosi ile alileta filamu ya kesi na mashetani, vyote kwa pamoja. Nchi ya theluji, msichana ameshtakiwa kwa kumuua baba yake wa kambo. Wakili wake anasema si yeye, ni pepo aliyemwingia. Hakimu amevaa nywele za bandia kama kichwa cha deki. Anko Lado alimpa hakimu Kiswahili cha mwalimu mkuu wa Kenya, mwendesha mashtaka akampa cha Kampala: "Muheshimiwa, mimi iko na swali moja! Huyu pepo iko na kitambulisho?" Tulikufa kwa kicheko. Halafu korti ikamwita pepo mwenyewe kutoa ushahidi. Taa zikazimika na kuwaka, msalaba ukaanguka ukutani, na ile Biblia ya kuapia ikaanza kutoa moshi. Pepo akazungumza kupitia mdomo wa msichana, na Anko Lado akampa sauti ya kondakta wa basi la Nimule. Mwendesha mashtaka akapaa mpaka darini na makaratasi yake. Hapo hatukucheka tena. Mtu fulani, jina nahifadhi, alinishika mkono, na mimi nikamshukuru kimoyomoyo.

Poni alikuwepo. Alikaa benchi la mbele kabisa, karibu na spika, na kulia kwake na kushoto kwake palikuwa patupu. Kibanda kimejaa mpaka watu wamekaa juu ya matofali, lakini benchi lile hakuna aliyeligusa. Kila pepo alipounguruma, vichwa viligeuka kumtazama yeye. Hata mimi niligeuka.

Ikafika hukumu. Hakimu akasimama, akasoma karatasi, midomo ikacheza. Anko Lado kimya. Jambo hilo halijawahi kutokea. Yule mtu alifasiri hata mbwa. Akanywa maji. Akatazama benchi la mbele. Kisha akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Korti imesikia mashahidi wote," akasema kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Msichana huyu hana kosa. Ni ugonjwa, na ugonjwa haufungwi jela. Arudi nyumbani, arudi shule, akae na wenzake."

Nikapumua. Lakini hakimu hakuwa amemaliza. Akanyoosha kidole, moja kwa moja kwenye kamera.

"Na wewe wa shati la njano!"

Nilijitazama. Shati la njano.

"Wewe ndiye uliyeanzisha maneno. Korti inakuamuru ukae naye benchi moja mpaka muhula uishe. Na utambebea habuba yake maji wiki mbili, asubuhi na jioni. Korti imefungwa!"

Kibanda kizima kiligeuka. Leo najiuliza hakimu wa nchi ya theluji alijuaje neno habuba. Siku ile sikujiuliza. Nilikuwa na miaka minane, nilikuwa nimehukumiwa na televisheni, na suruali yangu ilikuwa katika hali mbaya.

Basi nilibeba. Jerikani mbili kutoka kwenye tanki la maji mpaka nyuma ya gereji, habuba akinitazama kutoka jikoni, na siku ya tatu akanipa mandazi. Darasani nikakaa na Poni. Akanionyesha vidonge vyake, akanifundisha akianguka nimlaze ubavu, niweke begi chini ya kichwa, nisimtie kitu mdomoni, nifunge mdomo wangu mwenyewe. Wengine wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mtu akilalamika, wenzake walimjibu, "Korti imeshasema, bwana!" Kamba ikaruka tena. Muhula ukaisha, na habuba hakufunga mzigo.

Mwezi uliopita niliikuta filamu ile kwenye simu ya binamu yangu. Nikaipeleka kwa Poni, ambaye siku hizi ananishinda masomo yote isipokuwa kelele. Tukakaa barazani kwao mchana, tunatazama, tunacheka. Sasa Kiingereza nakielewa. Hakimu akasimama, akasoma: msichana ana hatia, akafungiwe maisha nyuma ya milango ya chuma. Kidole kikanyooka, nacho kilikuwa kinawaita walinzi tu. Nikafunika kioo kwa kiganja.

"Ondoa mkono," Poni akasema. "Naijua."

"Unaijuaje?"

"Modi, nilisoma Koboko kwa Kiingereza. Spika ilikuwa hapa sikioni. Nilimsikia hakimu chini ya sauti ya Anko."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Anko akanitazama, na mimi nikamtazama. Nikasema moyoni, hukumu ya Anko ndiyo naichukua."

"Na ukaniacha nibebe maji wiki mbili!"

"Siku kumi na tatu. Moja ulijidai unaumwa tumbo."

Kibanda cha Anko Lado sasa wanachajia simu. Juzi nilimkuta mdogo wangu, miaka minane kama mimi wakati ule, amejilaza peke yake na vidude masikioni, anatazama filamu ya namna ileile. Hakimu akanyoosha kidole, kikamwelekea usoni kabisa. Yeye akaendelea kula biskuti. Nikamuuliza kama anaelewa wanachosema.

"Kila neno," akajibu, bila kunitazama.

Ni kweli, anaelewa kila neno. Na hajawahi kubeba hata jerikani moja.