Mipangilio ya Baba Salome

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumatatu ile nilipozifuta kompyuta nne za ofisi yetu ya pembejeo pale Masasi, nikajiona nimefanya kazi ya maana. Nilikuwa binti mbichi, nimetoka kwenye kozi ya miezi mitatu Mtwara, kichwa kimejaa na masikio yameziba. Unacheka? Cheka tu. Na wewe sasa umekabidhiwa kompyuta za watu, ndiyo maana nimekuita ukae hapa unisikilize.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka yalijaa redio na mitumba, na mashirika yakaanza kupunguza watu. Kwetu tulitangaziwa waziwazi kwamba Alhamisi kutakuwa na jaribio. Asiyeweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa kompyuta ndani ya nusu saa, jina lake litaingia kwenye orodha ya wanaopunguzwa.

Wiki hiyohiyo kirusi kikaingia kwenye kompyuta zetu. Meneja akaniambia, "Somoe, safisha mashine zote kabla ya Alhamisi." Nikanakili barua za watu wote kwenye flopi, haikupotea hata moja, na hilo najisifu nalo mpaka leo. Kisha nikafuta kila kitu na kuanza kupanga upya, na hapo ndipo nilipoharibu. Ukubwa wa herufi, rangi ya kioo, mwendo wa mausi, vifupisho ambavyo mtu amejiwekea ili mashine immalizie maneno marefu, hiyo mipangilio yote mimi niliiona urembo tu. Nilichukua nakala ya mipangilio yangu mwenyewe, nikaipandikiza kwenye kompyuta zote nne.

Usinishangae sana. Sisi tulikua enzi za foleni, kila nyumba sukari kiasi kilekile, kila mtoto shati lilelile. Kwetu haki ilikuwa watu kufanana. Nilipovitazama vile vioo vimekuwa sawasawa, nilifurahi kweli.

Kompyuta moja ilikuwa yangu, moja ya meneja. Ya tatu ilikuwa ya Fidea, mpigachapa wetu kutoka Lulindi, msichana asiyesema mpaka asemeshwe. Jumanne alikaa mbele ya mashine yake, akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona. Nikaendelea na yangu.

Ya nne ilikuwa ya karani wetu mkubwa, mzee wa Kimakonde tuliyemwita Baba Salome. Kioo chake kilikuwa cheusi tii, herufi za njano kubwakubwa, nami nilizoea kusema moyoni kwamba mzee huyu anapenda madoido. Wiki ile hakuwepo. Alikuwa kwao Mnyambe na vijiji vya jirani akiwaelekeza wakulima jinsi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Alirudi Alhamisi asubuhi, vumbi la salfa bado liko kwenye viatu, akaingia moja kwa moja kwenye jaribio.

Lo! Mwanangu, sitaki hata kuliona tena lile jambo. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi. Mzee akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mausi ilikwenda asikotaka. Meneja alisimama nyuma yake na saa mkononi. Nusu saa ilipokwisha, Baba Salome alikuwa na mistari mitatu, yote kwa herufi ndogo, hata jina la Mungu. Meneja akaandika jina lake kwenye orodha. Fidea naye alibakiza nusu ukurasa, naye akaandikwa. Alikunja kanga yake, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Mimi nilinyamaza kimya.

Mchana Baba Salome alinikuta nyuma ya ofisi, kwenye tangi la maji. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akanawa uso. "Somoe, ukienda kumfagilia mtu nyumba, huwa unamuuliza kiti chake kinakaa wapi?"



"Macho yangu yanakwisha. Meneja hajui, nami nilimficha. Kioo kile alinipangia Mama Zuhura, mtunza kompyuta wa ofisi yetu ya Newala, nilipokwenda kule kushika nafasi ya mgonjwa, akanipa nakala nije nayo huku. Kwa kioo kile mimi ni karani. Bila kile, ni kipofu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi. Salome yuko kidato cha pili. Sikulaani, lakini ujue ulichonifanyia."

Nakwambia, angenichapa kofi ingekuwa nafuu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimevibeba vitanda vya watu nikavitupa nje. Niliona aibu. Halafu ile aibu ikageuka hasira juu yangu mwenyewe, na hasira ile ndiyo iliyonisimamisha. Nikaenda mlangoni kwa meneja bila kubisha hodi vizuri.

"Bwana Meneja, Baba Salome hakushindwa. Mimi ndiye niliyeiharibu mashine yake."

Akaweka kalamu chini. "Orodha inaondoka Jumamosi na basi la saa sita kwenda Mtwara. Saa nne asubuhi nitampima tena, mara moja tu. Akishindwa, jina lake linabaki na lako linaingia chini yake."

"Sawa," nikasema. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ijumaa alfajiri nikapanda gari la Newala. Mama Zuhura nilimkuta ofisini anapangusa kibodi kwa kitambaa, mama mnene, mchangamfu, mwenye ulimi mkali. Nikamweleza yote. Akaguna.

"Umefuta, halafu ukawavisha wote gauni lako? Ee! Na Baba Salome naye ukamvisha gauni?"

"Nimekosa, mama."

"Umekosa ndiyo. Kaa hapo." Akafungua droo. "Mimi kila anayehama hapa namwekea nakala ya mipangilio yake, hata akihamia ahera. Akiba haiozi."

Akanakili kwenye flopi. Nikanyoosha mkono niichukue nikimbilie gari, akanipiga kikofi cha vidole. "Unakwenda wapi? Nakala ambayo hujaifungua ni tetesi." Akaitia kwenye kompyuta nyingine. Haikusoma. Akajaribu tena, ikakoroma tu. Hebu fikiri, mwanangu, ningefika Masasi na flopi ile! Tukanakili ya pili na ya tatu, tukazifungua zote mbili kwenye ile mashine nyingine, na zote zikasoma. Ndipo akaniruhusu kuondoka. Nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya vumbi, nikazipakata mpaka Masasi.

Jumamosi saa moja nilikuwa ofisini. Baba Salome alikaa pembeni yangu akimwomba Mola wake kimyakimya. Nikarudisha mipangilio yake, nikazima, nikawasha. Kioo kikaja cheusi, herufi za njano, kubwa. Mzee akavuta pumzi. Kisha akashika mausi, ikagoma. Hicho kipande hakikuja na nakala.

Zamani ningebahatisha. Siku ile nikauliza: "Baba, nionyeshe mkono wako unavyofanya kazi."

Akatoa mkono wa kulia mfukoni. Vidole viwili vilikuwa vimekauka, vimejikunja. Alianguka kutoka kwenye mkorosho akiwa kijana, akaniambia. Nilikuwa nimefanya kazi naye miezi mizima na sikuwa nimeuona mkono ule. Nikaihamishia mausi mkono wa kushoto, nikaipunguzia mwendo, nikapanga kibodi ili asilazimike kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kila nilipogusa kitu nilimuuliza, naye akanijibu.

Saa nne meneja akaisoma barua kwa sauti, Baba Salome akaandika. Dakika ishirini akamaliza, herufi kubwa mahali pake, anuani mahali pake. Meneja akaitazama karatasi, akamtazama mzee, akachukua kalamu akalifuta jina. Nililia, sikujali nani ananiona.

Baba Salome hakushangilia. Alinigeukia akauliza, "Na Fidea?"

Wallahi, mwanangu, nilikuwa sijamkumbuka. Fidea hakunilaumu, hakuja kwenye tangi la maji, kwa hiyo aliniponyoka moyoni. Vifupisho vyake, alivyovijenga mwaka mzima, nilivifuta siku moja na vya mzee. Nikamwomba meneja amsubiri. Akasema, "Mlete." Nikakodi pikipiki mpaka Lulindi, nikamkuta mama yake anapeta mpunga. Fidea alikuwa ameondoka Ijumaa kwenda kwa kaka yake Tunduru. Niliporudi Masasi, basi la saa sita lilikuwa limekwisha ondoka na jina lake. Hakurudi ofisini, na mimi sijapata kumwona tena.

Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, sikugusa kompyuta ya mtu kabla sijakaa naye na daftari. Sasa nisikilize vizuri. Ukihifadhi kazi za watu, hifadhi na namna wanavyozifanya, kwa maana barua bila macho ya kuisomea ni karatasi tu. Usimpimie mtu kwa mwili wako. Nakala ifungue kwingine uone kama inasoma, hapo ndipo uiite nakala. Kuuliza si ujinga. Muulize mzee, uliza hata lile unaloona haya kuliuliza. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kisha uwatafute wote uliowakosea, ukianza na yule aliyenyamaza. Anayelalamika atakufuata mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi na subira ya kusikiliza, akuepushe na kiburi changu cha ujana. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akujalie umkute bado yupo yule unayekwenda kumwomba radhi.