Mume Mmoja kwenye Dunia Nyingi

Kazini walimwita Kamba. Kwanza kwa urefu wake, pili kwa sababu miaka ishirini na sita alikuwa akianika mashuka ya hospitali uani, nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye mistari kumi na miwili ya waya. Dawa ya kung'arishia ilishamla ncha za vidole. Shuka likija na damu, alijua limetoka wodi ya wazazi. Likija na harufu ya vidonda, ni la wodi ya wanaume. Likija safi, halijakunjika hata pembe, alijua kuna mtu aliyelazwa asubuhi na mchana akawa ameshaondoka, wala hakuondoka kwa miguu yake.

Hakuolewa. Aliishi na mama yake kwenye vyumba viwili vyenye pazia badala ya mlango. Baba hakumjua. Alikuwa mpasua mawe, na ukuta wa machimbo ulimwangukia wakati Kamba ana miezi saba tumboni. Picha hakuacha. Wanaume wengine walikuja baadaye kumposa yule mjane mdogo, akawarudisha wote kwa jibu moja: "Mimi nina mtu wangu. Ametangulia tu." Miaka hamsini alimzungumzia mumewe hivyo, kama mtu aliyetumwa chumvi akakawia njiani.

Sasa mama alikuwa kitandani. Ini lilikuwa limeharibika, na daktari alishasema kwa upole wampeleke nyumbani. Kila jioni Kamba alimletea kitu cha kumchekesha kutoka kazini, maana dawa za maumivu hazikutosha na kicheko kilisaidia kidogo. Siku moja akamletea habari ya redio.

"Mama, leo wamesema mambo. Eti kuna dunia nyingine."

"Nyingine ya nini? Hii yenyewe imetushinda."

"Mbali huko, zinazunguka nyota. Wataalamu wamezihesabu, zimefika maelfu. Nyingine ukubwa wake kama hii yetu. Labda zina maji."

"Kama zina maji, basi zina wafuaji," mama alisema. "Wape pole zangu."

Walicheka mpaka mama akashikwa na kikohozi. Kamba akalala akijipongeza.

Asubuhi alikuta uji wa mama haujaguswa.

"Hao watu wa huko," mama aliuliza, "wanakufa?"

"Hata haijulikani kama wapo, mama."

"Kama wapo. Wanakufa?"

"Nadhani."

"Wakifa wanakwenda wapi?"

"Kwa Mungu."

"Mungu huyuhuyu?"

"Kwani yupo mwingine?"

Mama aligeukia ukutani. "Basi kumejaa," akasema.

Kamba hakuelewa, mpaka mama alipoendelea akiwa bado amempa mgongo. "Mimi nilidhani ni watu wa hapa tu. Nikasema hata wakiwa wengi nitauliza: jamani, mpasua mawe, mfupi hivi, mchekaji, yuko wapi? Kuna atakayemjua. Sasa niulize dunia ngapi? Na yeye aliacha msichana wa miaka ishirini na mbili. Anamsubiri msichana. Nitampita hivihivi, asinijue."

Tangu siku hiyo maumivu yakawa si kitu. Mama aliyeyavumilia maumivu bila kelele alianza kuogopa, na hofu ikamla haraka kuliko ini. Usingizi ukamtoroka. Chakula akakisukuma. Kamba alienda kazini akiusema mdomo wake mwenyewe: kati ya habari zote za dunia, umeona hiyo ndiyo ya kumpelekea mgonjwa?

Akamweleza Mama Pasi, mpiga pasi wao, wakati wanakunja mashuka. Kazi hiyo ni ya watu wawili: kila mmoja anashika pembe mbili, mnavuta, mnakaribiana, pembe zinakutana, mnaachana tena.

"Sisi mbona si neno geni, shoga," Mama Pasi alisema. "Ustadhi wetu anafundisha kwamba Mungu ni Mola wa walimwengu wote. Zikiwepo dunia nyingine, zake. Haumbi kwa ruhusa yetu."

"Na wafu wa huko?"

"Wake vilevile. Aliyekuumba wewe na urefu wote huo atashindwa kumwona mtu mfupi?"

Kamba alicheka. Jioni akamfikishia mama maneno hayo.

"Sikusema Mungu hatamwona," mama alijibu. "Nasema mimi."

Jumapili mchana akaja mchungaji wao. Alivuta kigoda, akasikiliza, kisha akatabasamu kama anayemtuliza mtoto. "Mama, hayo ni maneno ya watu wasio na kazi. Mungu aliumba dunia moja. Mwokozi akaja mara moja, akafa mara moja. Zingekuwa nyingi, angekufa mara ngapi?"

"Wewe umefika huko, mwanangu?"

"Sijafika, mama, lakini imani..."

"Basi wewe na redio mko sawa. Hamjafika, mnabishana."

Mchungaji akaomba sala ndefu, akaaga. Nje, karibu na ndoo za maji, alimshika Kamba mkono. "Dada, nisikudanganye. Hilo chuoni hatukufundishwa. Nimemjibu tu ili atulie."

"Hakutulia," Kamba alisema.

Kesho yake aliomba ruhusa akarudi nyumbani mchana. Njiani alikuwa ameshapanga la kusema, na alilipanga kwa kitu pekee anachokijua vizuri. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, mimi kwa siku naanika mashuka mia nne. Yote meupe, huwezi kulijua hili na lile. Lakini kila moja lina uzi wake pembeni, mwekundu wa wazazi, wa bluu wa watoto, na kadhalika. Jioni kila moja liko wodini kwake. Na mimi ni mtu tu. Sembuse Mungu?"

Mama alimgeukia. Kisha akavuta mkono wa sweta aliyovaa, sweta nzito ya kijivu aliyoletewa na Kamba baridi ilipoanza.

"Na hii?"

Kamba alijua ilikotoka. Ndani ya mashuka yanayoletwa kufuliwa hukutwa vitu: soksi, kanga, rozari, meno ya bandia. Hutiwa kwenye boksi mlangoni. Miezi sita ikipita bila mwenyewe kuja, wafuaji hugawana.

"Ni ya mtu," alisema.

"Aliitafuta?"

"Sijui, mama."

"Wala ndugu zake?"

"Hakuna aliyekuja."

"Eeh," mama alisema. "Hicho ndicho ninachokiogopa."

Nje mtu alikuwa akipiga msumari, anaacha, anapiga tena. Kamba alitaka kuivua ile sweta, akaona atamwachia mama baridi. Badala yake akapanda kitandani na urefu wake wote, akajikunja nyuma ya mama kama alivyokuwa akilala utotoni.

"Basi nieleze alivyokuwa," alisema. "Tuwe wawili wa kumtafuta. Mimi nikija, nami nitauliza."

Lilikuwa jambo geni. Mama alikuwa akimtaja mumewe kila siku, lakini sura yake hakuwahi kumgawia mtu. Akaanza polepole. Mfupi. Akisimulia kichekesho, anacheka yeye kabla hajafika mwisho. Nyusi hazitoki vumbi hata aoge mara mbili. Anatembea kama amebeba kitu hata mikono ikiwa mitupu. Kucha ya dole gumba hana, ilikwenda na nyundo. Sauti ya mama ilianza kupata nguvu, na Kamba akahisi mgongo wa mama ukilegea kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

"Na kovu shavuni," mama aliendelea. "Kipande cha jiwe kiliruka. Hapa." Akagusa shavu la kulia. Mkono ukaondoka, ukaenda la kushoto. "Hapa." Ukarudi kulia, ukasimama hewani. "Au huku?"

Kamba aliinua kichwa kuutazama ule mkono.

"Au huku," mama alirudia, na sauti ikakatika. "Nimesahau. Miaka hamsini namtunza. Sikumpotezea huko, mwanangu. Nimempotezea hapahapa kitandani, kabla hata sijaondoka."

Alilia bila machozi; mwili haukuwa na maji ya kutoa. Kamba hakuwahi kusikia habari ya kovu lolote maisha yake yote.

"Kushoto, mama," alisema.

"Umejuaje?"

"Uliniambia nikiwa mdogo. Ulisema la kushoto."

"Nilikuambia?"

"Uliniambia."

Mama alilipima. "Kushoto," akasema. "Eeh. Kushoto. Sasa namwona." Na kabla yule wa msumari hajamaliza kazi yake, akawa amelala usingizi wa kweli.

Kesho yake alimeza vijiko vitatu vya uji. Hakuuliza tena habari za dunia nyingine. Alfajiri ya Alhamisi alikufa kwa utulivu, uso umekunjuka, na majirani waliomwosha walisema wameona wafu wengi lakini huyu amekwenda kama aliyeitwa na mtu anayemjua.

Makaburini mchungaji alisema mama yetu leo anapokelewa na mume aliyemngoja nusu karne. Wanawake wakaitika. Mama Pasi, aliyekuja na wafuaji wote, alimshika Kamba kiunoni. "Lia, shoga. Lia utoe."

Kamba hakulia. Udongo ulikuwa ukidondoka juu ya ubao, naye alikuwa akiuona ule umati, watu wa dunia zisizo na idadi, na kikongwe mmoja mdogo akijipenyeza katikati yao. Haulizi mtu. Anawatazama wanaume mashavu ya kushoto tu, mmoja baada ya mwingine, na anaendelea mbele.