Mjomba Hafichiki

Baba alifundisha Kiingereza katika sekondari moja karibu na Bihambwe, mahali ambapo hakuna aliyekihitaji. Shuleni tulisoma kwa Kifaransa, kanisani tuliomba kwa Kiswahili, nyumbani tuligombana kwa lugha ya baba. Basi yeye akakitafutia Kiingereza chake kazi uani. Jioni alitupanga kwa vizazi: nyanya mzaa baba juu ya kigoda, yeye na mama nyuma yake, sisi watoto watatu mbele, kisha akamweleza kila mmoja Waingereza wangemwitaje.

Nyanya alifurahi kusikia kwamba kule, kila kizazi kinapoongezeka, mkongwe naye huongezewa neno la ukubwa mbele ya jina lake. "Kumbe muntu anakuwa mukubwa wakati meno inaisha?" akauliza, tukacheka sana.

Tulipofika kwenye neno anko, mama hakucheka. Baba alisema Waingereza wanalo hilo moja tu, la ndugu wa baba na la ndugu wa mama. Kwetu baba mdogo ni baba: anakuchapa, anakutafutia mke. Mjomba ni mtu wa ukoo mwingine, na wa kwetu sisi alikuwa pia mtu wa kabila lingine. "Bantu gani hao," mama akasema, "hawajue mama yao alitoka wapi?" Lakini dada yangu mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, alilipenda neno lile. Mdogo wake baba akawa anko. Kaka yake mama, aliyeishi nasi na kulima viazi nyuma ya nyumba, naye akawa anko.

Vita vilipofika, mama yako ametoka wapi likawa swali la kufa na kupona. Watu wa kabila la baba waliweka barieri, kizuizi cha kukagua wapitaji, kwenye njia yetu. Tulipokimbia kuelekea Kashebere, baba aliamua kwamba mjomba atapita kama mdogo wake. Alikuwa amekulia upande wetu na lugha ya baba aliisema bila kukwama. Shida ilikuwa dada yangu mdogo, maana mtoto wa umri ule hafundishwi uongo kwa asubuhi moja. Mama ndiye aliyesema: "Mumuache aseme anko." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno lile kinywani mwake.

Barieri yenyewe ilikuwa kamba tu, na mtu mzima mwenye koti la mvua ndiye aliyeishika. Wengine walikaa pembeni na mapanga yao. Alimjua baba.

"Mwalimu. Na huyu?"

"Iko mudogo yangu."

Akamwinamia dada yangu. "Huyu ni nani yako?"

"Anko," akasema, vizuri kabisa.

Yule mtu akaanza kuinua kamba. Nilimwona.

Lakini kwetu mtoto hana adabu kwa mjomba wake, wala hatakiwi kuwa nayo. Anamtania, anakula chakula chake bila kuomba. Mbele ya baba mdogo unainamisha macho. Dada yangu alikuwa na njaa. Akatia mkono mfukoni mwa mjomba, akatoa kipande cha hindi la kuchoma, akauma, akamcheka usoni. Na mjomba, kwa mazoea tu, akajishika kiuno, akasema kama wajomba wote wanavyosema: "Mwizi wangu huyu!"

Kamba ikashuka.

"Hapana, mwalimu," yule mtu akasema, tena kwa upole. "Mutoto hawezi kuibia baba yake mudogo. Ule njo mujomba."

Mgeni angetupitisha. Askari kutoka mbali, asiyejua chochote juu yetu, angeona mtoto mwenye njaa na mahindi, basi. Huyu alikuwa ameibia wajomba zake mwenyewe, ndiyo maana akajua. Kikulacho ki nguoni mwako. Namchukia hadi leo, na kinachonichoma zaidi ni kwamba alitujua vizuri.

Baba alisihi kwa lugha zote alizokuwa nazo. Mjomba alimkabidhi mama godoro alilokuwa amelibeba, akapapasa kichwa cha dada yangu, akatembea mbele ya wale wenye mapanga kuingia kwenye migomba. Hatukusikia risasi. Risasi zilikuwa ghali.

Mama alikuwa tumbo moja na yeye. Nilijua sasa ni zamu yake, nikamshika kitenge. Yule mtu akainua kamba juu, juu kabisa, ili godoro lisikwame.

"Weye pita, mama. Ngombe za mahari zilitoka, weye uko muke wetu."

Mama akainama, akapita chini ya mkono wake. "Aksanti, papa," akamwambia.

Kwa miaka mingi nilimwonea mama hasira kwa ile aksanti. Alikuwa ameshavuka alipoisema. Sisi watoto watatu tulikuwa bado upande wa pili wa kamba, na kamba ilikuwa bado mkononi mwa yule mtu.