Kinanda Kilipojifunza kwa Baba

Nilikipenda kinanda. Naliandika hili mwanzoni kabisa, kabla sijabadili mawazo, maana kwa miaka mingi nimelikana. Nimelikana kwenye makongamano na kwenye makala, na safari moja nimelikana redioni kwa sauti ya kutetemeka, nikieleza jinsi vinanda vya umeme vilivyouua muziki wetu wa dansi. Watu hunialika kwa sababu baba yangu alipiga gitaa la solo. Wananilipia nauli nikaomboleze, nami naomboleza vizuri; nimesomea. Lakini siku kile kinanda kilipotolewa kwenye boksi pale Karatu, kikinuka plastiki mpya, harufu ambayo hadi leo ikinipitia dukani nasimama kidogo, niliona sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Bendi iliitwa Ukungu Jazz. Ilipiga mwisho wa wiki katika baa moja kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro. Siku nyingine wanamuziki wake walikuwa wakulima kama watu wote. Baba alipalilia maharage mchana, jioni akanawa mikono kwa sabuni ya kufulia, akakaa nje kwenye gogo na gitaa lake. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama kwato, na sijui sauti laini vile ilipitia wapi. Kila wimbo wa dansi una mahali ambapo mwimbaji hunyamaza, solo likashika njia, na watu wakaacha bia zao mezani. Mahali hapo tulipaita chemko. Kwa ajili ya chemko la Baba, wachungaji wa Olbalbal, kule bondeni Ngorongoro, waliopandisha ng'ombe mnadani walisimama dirishani, wameegemea fimbo zao, wakisikiliza bila kununua hata soda.

Kiongozi wa bendi alikuwa Boay, mtu mnene wa kucheka sana, aliyekua pamoja na Baba. Alikwenda Arusha kutafuta nyuzi za gitaa, ambazo miaka ile zilikuwa adimu kama sukari. Akarudi na kinanda. Alisema studio za Dar es Salaam hazitaki tena bendi ya watu kumi, zinataka watu watatu na mashine, na kwamba kanda mpya ya Ukungu Jazz ingerekodiwa hivyo. Akakiweka juu ya meza ya baa, jenereta ikawashwa, akabonyeza kitufe kimoja, na ngoma zikaanza kulia zenyewe.

Mzee mmoja wa Kimaasai aliingia, akaizunguka meza, akainama kutazama chini yake.

"Mpiga ngoma yuko wapi?"

"Yumo humo ndani, mzee," Boay akamjibu.

"Anakula?"

"Hali."

"Hachoki?"

"Hachoki hata kidogo."

Mzee akafikiri. "Sasa hawa wengine unawalisha wa nini?"

Tulicheka wote. Baba naye alicheka.

Shida ilikuwa moja. Boay alitaka chemko la Baba liwemo kwenye kanda, kwa sababu bila hilo nani angeinunua? Ila alitaka lipigwe na mashine. Kinanda kilikabidhiwa kwa Mwalimu Elia, mpigaji wa kanisani, mtu aliyeweza kupiga chochote kilichoandikwa kwa do-re-mi, na asiyeweza kabisa kupiga kisichoandikwa. Baba, kwa upande wake, hakujua noti hata moja. Katikati yao nilikuwapo mimi, Paskalina, mwanafunzi wa darasa la tano na mwanakwaya wa watoto parokiani, mtoto mwenye kero ya kugeuza kila sauti kuwa noti. Hata ng'ombe wetu alipolia nilitangaza kwamba amelia mi.

Wakanikalisha kati ya Baba na Mwalimu. Baba alipiga kipande, mimi nikakiimba kwa noti, Mwalimu akaandika, kisha akakipiga. Nilijisikia mtu mkubwa mno. Tena nilimkosoa Baba mbele za watu.

"Baba, mara ya kwanza ulipiga la. Sasa umepiga so."

"Mwambie achague moja," Mwalimu akasema bila kuinua kichwa.

"Huwa nachagua nikiona watu wanavyocheza," Baba akasema.

"Baba Paskalina, mashine haioni watu."

Baba akautazama mkono wake kwenye nyuzi, kama anayesubiri wenyewe ujibu.

"Basi andika so," akasema.

Mwalimu alipokipiga kipande kile chote kwa sauti ya filimbi, safi, bila kukwaruza, mikono ilinisisimka. Nilimgeukia Baba nikitaka afurahi pamoja nami. Alikuwa anafungafunga waya wa gitaa.

Nyumbani Mama alisema, huku akisonga ugali, "Afadhali. Kinanda hakirudi nyumbani kimelewa." Baba alitabasamu, akala, akalala. Ningependa kuandika kwamba alikasirika. Ingekuwa makala nzuri zaidi. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake hadi ukafa ganzi, naye anaogopa kuunyanyua. Nasi tulikaa naye ndani ya ganzi hiyo, tukachambua maharage, tukafukuza kuku, tukaishi.

Boay, mwimbaji na Mwalimu Elia walipopanda basi kwenda Dar, Boay alimshika Baba bega. "Kaka, studio wakiikataa mashine, nitapiga simu posta. Siku hiyohiyo upande basi uje. Usilegeze nyuzi."

Baba aliamini. Tangu siku hiyo, kila nilipotoka shule nilimkuta ananingoja barabarani, gitaa likiwa mgongoni ndani ya mfuko wa mbolea, shati la kusafiria mwilini. Tulikwenda kukaa kwenye benchi la posta. Karani wa pale alikuwa na mdomo.

"Mzee wa Solo, leo tena? Hata mahari haingojwi hivi."

"Mwenye haja ndiye hungoja," Baba alimjibu.

Kisha alasiri moja karani akatoa kichwa dirishani. "Mzee wa Solo! Dar hiyo, njoo mbio!"

Baba akashika simu kwa mikono miwili. "Naam. Nipo. Ninalo hapa hapa." Akaupapasa mfuko wa mbolea. Halafu akasikiliza kwa muda mrefu. Niliyatazama macho yake na sikusoma kitu. Akaniambia, polepole kama anayetafsiri, kwamba studio wameipenda mashine. Ila chemko wameliona fupi. Wanataka kipande kingine, na Mwalimu Elia yuko pale na kalamu.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kilichokuwa mkononi mwake dakika ile. Kipande hicho hakikuwa kimeandikwa popote, kilikuwa kwake tu. Angeweza kusema: nakuja nacho mwenyewe. Basi la jioni lilikuwa halijaondoka. Mimi, niliyekuwa najua kila noti, hilo sikulisikia. Nilinyoosha mkono nipewe simu.

Akanipa. Akatoa gitaa mfukoni, akaketi. Gitaa la umeme lisilo na umeme hulia kama mbu. Watu posta wakanyamaza ili walisikie. Mama mmoja kwenye foleni alikuwa akimbembeleza mtoto mgongoni, akiyumba kidogo. Baba akamtazama miguu, akapiga kwa mwendo wake. Alipiga kitu ambacho sijawahi kukisikia, kabla wala baadaye. Nami nikakiimba chote kwenye simu, do, mi, so, la, nikimfuata bila kukosea, na ng'ambo ya pili nikamsikia Mwalimu akihema huku akiandika. Kisha Boay akachukua simu, akaniambia neno, laini ikakatika.

Baba alikuwa bado ameketi, vidole juu ya nyuzi.

"Amesemaje? Nije?"

"Amesema inatosha," nikamjibu.